Mchekeshaji Aliyetundikwa Kanisani

Watu wa Heru Juu wakikusimulia habari hii watacheka mpaka washike mbavu, na mimi huwa nacheka nao (nitafanyaje?), lakini leo nataka niwasimulie mwenyewe, kwa sababu wao hupenda kuishia kwenye picha, na aibu yangu haikuishia kwenye picha.

Kanisa letu lilikuwa linaandaa jubilei, mjukuu wa yule mmisionari wa kwanza alikuwa anakuja kutoka Ulaya, na sisi picha ya babu yake hatukuwa nayo hata moja. Mimi, katibu wa kamati, nikasema kikaoni, "Picha niachieni mimi." Nitaitoa wapi, sikujua.

Wiki mbili baadaye nikanunua viatu vya mtumba sokoni Kasulu, na ndani ya kiatu cha kushoto kulikuwa kumesokomezwa karatasi, ukurasa wa kitabu cha zamani cha Kiingereza. Nikaukunjua. Mzungu amechorwa kwa wino, koti jeusi, kola nyeupe, mikono ameikutanisha kifuani na macho ameyainua juu, anaomba kabisa. Kichwa kilikuwa kikubwa kama boga na miguu myembamba, hilo niliona, sikatai, ila nikajisemea labda wachoraji wa zamani ndivyo walivyomheshimu mtu mwenye akili. Chini kulikuwa na maandishi madogo madogo. Nikasema nitayasoma nikipata miwani, na sikuyasoma.

Ukurasa ule nikampelekea Fiston, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu anayechora mabango, nikamwambia aukuze kwenye ubao wa mita moja na asipunguze kitu. Akaniuliza, "Papa, na hii pua ni kubwa hivi kweli?" Nikamjibu pua za watu ni kazi ya Mungu, tena aitie wekundu kidogo, maana jua la huku liliwaunguza wale watu.

Kabla ya kuipeleka kanisani nikamwonyesha mama. Kati ya wote waliobatizwa na yule bwana, mama yangu ndiye peke yake aliyebaki, na ndiye angetoa ushuhuda siku ya sherehe. Akaitazama, akaisogelea, akaitazama tena.

"Oya, hapana mwanangu, siye. Bwana alikuwa na ndevu mpaka hapa," akagusa kifua.

"Mama, ni miaka mingi. Umesahau."

"Zile ndevu nilizishika ndani ya maji. Niliogopa kuzama."

"Wazee husahau, mama. Hii imetoka kitabuni."

Akarudi nyuma hatua moja. Mama hakukanyaga shule hata siku moja, na kwake kilichoandikwa kitabuni hakibishaniwi. Nilikuwa najua hivyo nilipolitaja hilo neno.

Jumapili kanisa likafurika. Mama akapelekwa mbele, akanyoosha mkono kwenye ule ubao uliozungushiwa maua, akasema kwa sauti ndogo, "Huyu ndiye aliyenibatiza mtoni." Vigelegele vikapigwa, wengine wakalia kabisa.

Mgeni wetu, yule mjukuu, akainuka kuweka shada. Akayasogeza maua apate nafasi, na yale maandishi (Fiston hakupunguza kitu, kama nilivyomwagiza) yakatokea. Akainama, akasoma, akabaki ameinama vilevile. Mwalimu wetu wa sekondari aliyekuwa mkalimani, ambaye tangu asubuhi alikuwa anatafsiri kila kitu kasoro kikohozi, akadhani na hiyo ni kazi yake, akasoma kwenye kipaza sauti: "Mchekeshaji maarufu wa kumbi za muziki, akiigiza mlevi anayembembeleza mkewe amfungulie mlango."

Nilikufa ganzi, nawaambia ukweli. Nikatafuta mlango uko wapi kana kwamba sijawahi kuingia kanisa lile. Mgeni, maskini, kwa upole akafungua mkoba akatoa picha halisi ya babu yake: mtu mwembamba, ndevu mpaka kifuani.

Minong'ono ikaanza, na haikuanza na jina langu. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Kumbe huyu bibi miaka yote anatudanganya na ubatizo wake." Nikangoja mama anionyeshe kidole, alikuwa na haki hiyo. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akasema, "Mnisamehe. Macho yangu yamekwisha. Mwanangu aliniuliza, nikamwambia ndiye."

Jamani, mama yangu, aliyenichapa utotoni kwa kusema nimeoga kumbe sijaoga, anadanganya kanisani kwa ajili yangu, na mimi nimekaa na daftari la kamati mapajani. Sikusimama.

Njiani nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Wewe bado utaishi na watu hawa miaka mingi. Mimi siku zangu zimebaki chache, acha nibebe mimi."

Jumapili iliyofuata nikasimama baada ya matangazo nikasema yote, ndevu, maji na kitabu. Walicheka, ukatibu nikavuliwa palepale, na mpaka leo nikipita sokoni naitwa Mlevi wa Mlangoni. Nimekubali. Na nimeapa kwamba sitamwambia tena mtu mzima amesahau kitu alichokishika kwa mikono yake. Ila yule mzee hajamwomba mama radhi, na mama siku hizi anakaa benchi la nyuma kabisa. Nikimwambia asogee mbele ananijibu pale panamtosha.