Nyumba niliyomchorea mjomba kwa kompyuta ilivyokataa kumtoa

Wakuu, salaam aleikum. Wasiotumia salamu hiyo, hamjambo nyote.

Haya sikuhadithiwa na mtu. Yamenipata mimi, na kila ukuta nitakaoutaja humu niliuchora mimi. Sitajipamba. Mara tatu nimeuanza uzi huu nikaufuta kwa haya tu.

Admin, tafadhali usiuhamishe kwenye jukwaa la dini. Huu ni uzi wa ujenzi.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba kwa kompyuta. Nina meza ndani ya cyber moja hapa Ukunda, karibu na Kona ya Musa, laptop moja na bango limeandikwa HOUSE PLANS & 3D. Sina cheti cha usanifu, nasema mapema ili wenye vyeti mpumue. Ujenzi nilisomea kidogo chuoni, software nikajifundisha kwa video za mtandaoni.

Aliyenisomesha ni mjomba wangu wa Kinondo. Baba alipofariki nilikuwa darasa la tano. Mjomba akaja akanichukua, na yeye na mkewe Bi Tumu wakanilea kama mtoto wao wa kuzaa.

Basi alipoamua kuivunja nyumba yake ya zamani ajenge mpya, angemwendea nani tena? Alinijia mimi.

Wakati huo alikuwa mgonjwa. Sukari ilishamla kidole kimoja cha mguu na mwenyewe hakujidanganya. Aliniambia waziwazi tukiwa barazani kwake: "Mwanangu, hii ndiyo nyumba yangu ya mwisho. Sitaki kufia hospitali. Nife kitandani kwangu, nioshwe humu humu, nitolewe mlangoni kwangu kwa heshima. Mengine chora utakavyo."

Hilo ndilo sharti alilonipa. Moja tu.

Nikamjibu, "Inshallah utaishi sana, mjomba," nikafungua laptop. Nililichukulia kuwa ni maneno ya mgonjwa.

Sasa wale wa bara mnielewe kidogo. Nyumba ya zamani ilikuwa ya Kiswahili. Unaingia mlango wa mbele, mbele yako kuna ukumbi mpana mnyoofu, vyumba huku na huku, na mwisho wa ukumbi mlango wa pili wa kutokea uani. Uani ndiko kuna jiko, maji, kamba za nguo. Wanaume wakijaa mbele, wanawake wana mlango wao na hewa yao nyuma.

Mimi nyumba hizo nilikuwa nazidharau. Wallahi nilizidharau. Nilikuwa nikiwaambia wateja kwamba ukumbi ule ni nafasi ya bure, unajenga njia badala ya kujenga nyumba.

Nikamchorea mjomba kitu cha Diani, mtindo wa nyumba za kitalii. Sebule na jiko open plan, hakuna ukuta katikati. Master ensuite, chumba kikubwa chenye bafu lake ndani. Na kwa vile nilitaka master iwe na walk-in closet, kijichumba cha kutundikia nguo, nikaubana ukumbi mpaka sentimita tisini, nikaupiga kona ili uizunguke hiyo closet. Mjomba alikuwa na kanzu nne. Closet ya nini? Lakini kwenye picha ilipendeza.

Mlango wa nyuma nikaufuta. Nilibonyeza Delete, ukuta ukajiziba wenyewe, nikaona safi.

Software ile ina kijitu unachoweza kukitembeza ndani ya nyumba kabla haijajengwa. Nikamtembezea mjomba kijitu kile kwenye kioo. Kikaingia sebuleni, kikakata kona, kikafika chumbani bila kugusa ukuta. Mjomba alicheka kwa furaha, akamwita mkewe aje aone.

Bi Tumu akatazama mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja: "Na mimi nitatokea wapi uani?"

Nikamwambia siku hizi mlango mmoja ndio usalama, na jiko la ndani halina haja ya uani. Nilimjibu haraka haraka, kama ninavyomjibu mteja msumbufu. Mama aliyenifulia sare za shule! Akasema, "Haya mwanangu, wewe ndiye uliyesoma," akarudi zake kuparua samaki.

Siku ya kupima msingi alikuja Fundi Bakari wa Msambweni. Mtu mzima, mwembamba, mdomo wake mkali na mkono wake mzuri. Mjomba alikuwa ameketi kwenye kiti chake mbali kidogo, kivulini, kwa ajili ya mguu.

Tukapigilia vigingi, tukavuta kamba kufuata ramani yangu. Bakari akaitazama ile kona. Akaenda kwenye rundo la mbao, akachukua mbili ndefu kama urefu wa mtu na ziada kidogo, akazipigilia kwa vipande viwili, zikawa kama ngazi. Akamwita kibarua mmoja, wakaibeba huku na huku, wakajaribu kuipitisha baina ya kamba.

Ikakwama konani. Wakarudi nyuma wakajaribu tena, ikakwama.

"Injinia," akaniita, na mjue hilo injinia lilikuwa la kejeli, "hapa hata kitanda hakipiti."

Nikamwambia vitanda vya siku hizi vinafunguliwa, vinaingizwa vipande vipande.

Akanisogelea, akashusha sauti. "Kuna kimoja hakifunguliwi."

Alikusudia jeneza. Nilimwelewa, wakuu. Hapa ndipo uongo ungenisaidia, ningesema nilikuwa mjinga sikumwelewa. Nilimwelewa vizuri sana. Ila vibarua walikuwa wanatazama, wengine wameanza kuchekelea, na mimi ndiye mwenye laptop. Nilipandwa na hasira. Nikamwambia kazi yake ni kujenga, si kunifundisha kuchora.

Mjomba akapaza sauti kutoka kwenye kiti, "Mnagombania nini hapo?"

Nikajibu mimi, upesi, kabla Bakari hajafungua mdomo: "Fundi hataki kufuata ramani, mjomba!"

Na mjomba, Mungu amrehemu, akasema, "Bakari, fuata alivyochora mwanangu. Nimemsomesha kwa ajili ya nini?"

Bakari akanitazama. Akaizungusha kamba ya mwisho kwenye kigingi na kazi ikaanza.

Nyumba ikaisha. Nzuri hasa, usiseme. Nikaipiga picha nikazitandaza mtandaoni, nikapata wateja watatu kwa mwezi mmoja.

Lakini kila nikienda kuwasalimia nilikuwa naona mambo, nikijifanya siyaoni. Wakija wageni wa kiume, Bi Tumu hana pa kupita. Ama ajifungie chumbani, ama apike mbele yao. Akatundika leso mbili baina ya jiko na sebule. Ndoo ya maji ya samaki ilikuwa inapita mbele ya makochi. Nikimwuliza nyumba vipi, anasema, "Alhamdulillah, nzuri mwanangu."

Hakulalamika hata siku moja. Bora angenitukana.

Mjomba alifariki asubuhi, kitandani kwake, kama alivyotaka. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nilipofika jamaa walishajaa nje. Mazishi yalipangwa baada ya adhuhuri.

Jeneza likaletwa kutoka msikitini. Kuingia liliingia, kwa sababu lilikuwa tupu. Tulilisimamisha wima tukaliburuza konani, likakwaruza rangi ya ukuta. Mimi nikajiambia, ala, kumbe linapita. Nikashusha pumzi kabisa. Sikutaka kufikiria zaidi ya hapo.

Tukamwosha mjomba humo chumbani, tukamkafini, tukamlaza ndani ya jeneza. Watu wanne tukalinyanyua, tukatoka nalo mlangoni.

Likakwama konani.

Tukarudi nyuma. Tukajaribu kulielekeza huku, kisha kule. Mmoja akasema tulinyanyue juu zaidi, tukanyanyua, likagonga. Ule mgongano wa mbao na ukuta, na mjomba yumo ndani, mpaka leo naisikia sauti yake. Mtu mmoja nyuma yangu akasema taratibu, "Tulisimamishe," na mwingine akamjibu kwa ukali, "Msimamishe nani? Huyu ni gunia?"

Dirishani haikuwezekana. Nilichora dirisha dogo la juu, na grill imechomelewa.

Nikainua macho, nikamwona Fundi Bakari amesimama upande wa sebuleni. Alikuja kuzika kama watu wengine. Nikangoja aseme. Alikuwa na haki ya kusema mbele ya watu wote, na ningestahili kila neno.

Akasema tu, "Mrudisheni kitandani. Tutamtoa kwa mikono, jeneza litamngoja sebuleni."

Lakini sebuleni walikuwepo wanawake, wamejibana upande wa jiko, na sasa ilihitajika nafasi ya kumlaza. Wangekaa wapi? Mlango wa uani nilikwishaufuta. Ikabidi akina mama wote watolewe mlango wa mbele, wapite katikati ya wanaume waliojaa barazani, wakasimame juani kando ya tangi la maji. Bi Tumu hakuweza kupita mbele ya wanaume wote wale, mjane yule. Alisimama kwenye pembe ya jiko nyuma ya zile leso zake mbili, uso ameuelekeza ukutani.

Jeneza likatolewa tupu, wima, kama lilivyoingia. Tukarudi kwa mjomba. Tulimlaza kwenye mkeka tukamnyanyua nao, Bakari akashika miguuni. Mimi nilikuwa nimesimama kama mti.

Bakari akaniambia, wala hakukuwa na kejeli safari hii, "Shika kichwani. Kona unaijua wewe."

Nikashika. Tukaifikia kona. Pale ikabidi mkeka ukunjwe ili apite, na alipokunjika kichwa chake kikaniegemea kifuani, uzito wake wote. Mtu aliyeniomba kitu kimoja tu. Nilitembea kinyumenyume sentimita kwa sentimita, nikilia kwa sauti, na watu wakadhani nalia kwa msiba.

Nilikuwa nalia kwa aibu. Mpaka sasa hivi nikiandika hapa, masikio yananiwaka.

Tulimzika. Hakuna aliyenilaumu. Wengi walinipa pole mimi kuliko wafiwa wengine wote, kwa vile nilikuwa kama mwanawe.

Sasa Bi Tumu akaanza eda. Kwa wasiojua, mjane wa Kiislamu anakaa nyumbani kwake miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura. Katika nyumba ya zamani angekuwa na uani wake, apigwe na upepo, aanike leso zake. Katika nyumba yangu alikuwa na dirisha lenye grill.

Siku ya tano nilikwenda Msambweni kumtafuta Bakari. Shikamoo yangu aliiitikia, akaendelea kunoa msumeno wake. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, na nimekuja kuomba kazi, niwe kibarua wake. Akauliza, "Ramani umekuja nayo?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi twende."

Bi Tumu akahamia chumba kingine akajifungia kwa stara yake. Sisi tukaanza na closet. Nyundo nilishika mimi, ukuta ule nikauangusha wote, kona ikafa. Ukumbi ukawa mnyoofu na mpana kutoka sebuleni hadi ukuta wa nyuma. Bakari akachora kwa mkaa pale mlango utakapotobolewa.

Kabla sijapiga, nikaenda kusimama nje ya chumba alichojifungia Bi Tumu. Mlango umefungwa. Nikamwambia yote. Kwamba Bakari alinionya siku ya msingi, kwamba mjomba aliuliza na mimi nikamficha, nikasema fundi ni mkaidi. Kwamba mjomba alifariki hajui.

Nikasikia kitanda kikilia, amekaa au ameinuka, sijui.

Kisha sauti yake ikaja karibu kabisa na mlango.

"Uwe mpana, mwanangu. Na mimi nitatokea hapo hapo."

Nikarudi kwa Bakari nikamwambia aongeze upana. Akafuta mkaa kwa kiganja akachora upya.

Eda yake imekwisha mwezi uliopita. Nilipokwenda nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda anaparua samaki, maji ya samaki yako nyuma ya nyumba yanakotakiwa kuwa. Akanikaribisha chai. Mimi bado siwezi kumtazama usoni kwa muda mrefu.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba nilichora nyumba ya kupigwa picha, nikawasahau wenye kuishi na kufa ndani yake. Software haina kosa. Ile ilifanya nilivyoibonyeza, na kile kijitu chake hakijawahi kubeba mtu. Aliyejua alikuwepo, ana kamba mkononi, nikamnyamazisha ili nisichekwe na vibarua.

Siku hizi mteja akija pale mezani, kabla sijafungua laptop namwuliza: siku ya kutoka kwenye nyumba hii mara ya mwisho, utapitishwa wapi? Mmoja alikasirika akaniambia namtakia kifo, akaondoka. Sawa tu.

Uwanja ni wenu. Mafundi, wasanifu wenye vyeti, semeni, najua nimewakera. Mnaotaka kunitukana pia karibuni. Ila nawaomba kwanza mchukue tepu, mkapime ukumbi wa nyumba wanamoishi wazazi wenu, halafu mrudi hapa mniambie ni sentimita ngapi.