Ringi Niliyopima kwa Sufuria

Jumanne ile Verna aliamka kabla yangu, kama kawaida. Akachemsha chai. Akakata mkate, akaifinya karatasi ya mkate ikawa donge, akairusha kutoka jikoni hadi kwenye ndoo ya taka mlangoni. Macho yake yalikuwa yamechoka, kwa hivyo aliuliza kama alivyouliza kila asubuhi.

"Munyoki, imeingia?"

"Imeingia," nikamwambia.

Ilikuwa imeingia kweli. Tukanywa chai.

Jumatano moyo wake ulisimama.

Matangani walikuja watu wengi, mtaa wetu wa Mbotela ukajaa. Wengi walimjua kama Mama Nzembi, yule mrefu wa nyumba ya kona. Vijana hawakujua alikuja Nairobi kufanya nini. Sasa nawaambia.

Verna Tolbert alizaliwa Amerika, mji wa viwanda unaoitwa Toledo. Futi sita na inchi moja. Alicheza basketiboli ya kulipwa kwao mwaka mmoja, timu ikafa kwa kukosa pesa. Akaenda Italia, akacheza msimu mmoja, hawakumtaka tena. Wakati huo hapa Industrial Area, kwenye kiwanda chetu cha sufuria, meneja wetu Bwana Gichuru alikuwa ameanzisha timu ya wanawake. Jina la Verna alilipata kwa padri Mwitalia aliyekuwa ametoka likizo kwao. Akamwandikia barua. Mwaka wa themanini, mwezi wa kwanza, Verna akashuka kwa ndege na begi moja.

Kwenye karatasi alikuwa karani wa stoo. Kazi yenyewe ilikuwa mpira. Na karatasi ilikuwa ya miezi mitatu. Gichuru asiporidhika, ni tiketi ya kurudi. Na huko kwao hakukuwa na timu ya kumpokea. Akirudi, mpira umekwisha.

Mimi nilikuwa fundi wa kuchomelea kiwandani hapo. Kabla Verna hajaja, Gichuru alinipa karatasi yenye mchoro wa ringi na vipimo vyake. Sikujua kusoma, hata namba zilikuwa zinanipiga chenga. Hakuna aliyeijua siri hiyo. Nilifanya kazi kwa jicho na kwa mkono, na hakuna kazi yangu iliyowahi kurudishwa. Nikaenda stoo na mpira. Nikajaribu sufuria moja moja mpaka nikapata ambayo mpira unaingia na kubakisha kidole kimoja kila upande. Nikakunja chuma kwa sufuria hiyo. Nikapaka rangi nyekundu.

"Kazi safi," Gichuru akasema.

Wasichana wa timu walikuwa wametoka kwenye netiboli. Hakuna aliyejua ringi ya basketiboli inatakiwa kuwa pana kiasi gani.

Siku ya kwanza Verna alirusha mipira kumi. Ikaingia miwili.

Nahodha wetu Waithera, wa idara ya kupaki, hakuwa na breki mdomoni. "Haki huyu ndiye tumeletewa na ndege? Hata shosho yangu kizee angeingiza mitatu, na kiondo mgongoni!"

Verna alisimama chini ya ringi, akaruka, akaning'inia, akaipima kwa kiganja. Akauliza ni nani ametengeneza. Wote wakanionyesha mimi, nimesimama kwenye mlango wa karakana na miwani ya kuchomelea kichwani.

Akaja. Akachukua chaki yangu, akachora duara mbili sakafuni, kubwa na ndogo. Akaonyesha ile ndogo, kisha akanionyesha mimi. Akatoa ile karatasi ya Gichuru kwenye msumari ukutani, akaweka kidole kwenye namba. Mimi nikaangalia kidole.

Akaniangalia muda mrefu. Akajua. Alikuwa mtu wa kwanza kujua.

Akafuta duara zote mbili kwa kiatu. Akakunja karatasi, akaitia mfukoni, akaweka kidole mdomoni. Kisha akaonyesha ringi kule nje na kutikisa kichwa. Usiiguse.

"Nyinyi mna siri gani," Waithera akasema, "na hata majina hamjaulizana?"

Wakafanya mazoezi miezi mitatu, kila siku saa kumi na nusu tukitoka kazini. Mipira ikigonga chuma, ikitoka. Vibarua wakijaa kwenye ua. "Amerika! Lenga sufuria!" Gichuru akitazama dirishani bila kucheka. Verna aliwarudisha wasichana mstarini, tena, na tena. Alikuwa wa mwisho kutoka.

Mwezi wa tatu ukiwa unaisha, Waithera alikuja karakana. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Munyoki, Gichuru amesema Jumamosi tunacheza uwanja wa Shauri Moyo na timu ya kiwanda cha sabuni. Tukipigwa, Jumatatu Amerika anarudi kwao."

Nikavua glavu. Nikaenda moja kwa moja kwenye ngazi za ofisi. Nilikuwa nimefika katikati Verna aliponishika kola ya ovaroli, kwa mkono mmoja.

"Unaenda wapi?" Kiswahili chake kilikuwa cha miezi mitatu.

"Kumwambia ukweli. Ringi nimeikosea mimi."

"Kazi yako itakwisha."

"Na yako?"

"Wewe nyamaza. Ngoja Jumamosi."

Jumamosi watu wa sabuni walikuja na ngoma. "Timu ya sufuria! Leteni mwiko!" Wasichana wetu wakaingia kiwanjani, wakainua macho kwenye ringi za pale. Waithera akasimama, mkono kichwani.

"Ngai! Hiyo si ringi, hiyo ni karai!"

Verna akacheka kwa mara ya kwanza tangu aje Kenya. Mpira wake wa kwanza ulipita bila kugusa chuma. Wa pili vile vile. Kisha Waithera, ambaye hakuwahi kuingiza mitatu kwa siku, akaingiza minne akiwa mbali. Wasichana waliozoea tundu la sufuria wangekosaje karai? Kufika mapumziko ngoma za sabuni zilikuwa zimenyamaza. Gichuru alikuwa amevua tai anaipeperusha. Vibarua wale wale wa ua walikuwa wamesimama kwenye ukuta wanaimba, "Sufuria imechemka!"

Sitini na nne kwa ishirini na tisa. Pointi thelathini na moja zilikuwa za Verna.

Alicheza miaka saba. Aliichezea timu yetu Mombasa, Kampala, Dar es Salaam. Tulichukua kombe la viwanda mara nne, na Kampala walimbeba juu hata wale aliowashinda. Mwaka wa themanini na tatu tulioana. Mama yangu, Nzembi, alimtazama kutoka miguuni mpaka kichwani, akasema, "Huyu atapaka dari chokaa bila ngazi." Msichana wetu tukampa jina lake. Verna ndiye aliyenipeleka masomo ya gumbaru, ya watu wazima, jioni, akanisubiri nje kama mzazi. Ndiyo maana leo naandika haya kwa mkono wangu. Goti lilipokataa, akafundisha wasichana wa Mbotela. Wawili walipelekwa Amerika kusoma, kwa ajili ya mpira tu. Aliwasindikiza mpaka uwanja wa ndege, akarudi akipiga mluzi.

Lakini Jumatatu ile, baada ya Shauri Moyo, Gichuru alimwekea Verna sahihi ya mkataba wa miaka miwili asubuhi na mapema. Nami nikapanda ngazi za ofisi mpaka juu.

"Bwana Gichuru, ringi ya pale uani ni ndogo. Niliipima kwa sufuria. Sijui kusoma."

Akatazama dirishani. Akanitazama mimi.

"Yaani miezi mitatu nimemkasirikia mtu bure?"

"Ndiyo, bwana."

"Toka hapa. Nenda ukaing'oe, utengeneze ingine."

Hakunifukuza. Nikachukua spana, nikaegemeza ngazi, nikapanda. Nilikuwa nimelegeza nati ya kwanza niliposikia ngazi imeshikwa chini. Ilikuwa Verna. Alikuwa na karatasi yake mpya mkononi, na akaniita kwa jina kwa mara ya kwanza.

"Munyoki, ukitoa hiyo ringi, mimi napanda ndege."