Gesi Aliyoikana İlker

Shuleni walimwita Mtungi. Baba yake, Fundi Rasim, alikuwa akifunga mifumo ya gesi kwenye magari katika mtaa wa magereji wa Eskişehir, na ile harufu inayotiwa kwenye gesi ili ikivuja watu wajue ilikuwa imeingia mpaka kwenye mapazia ya nyumbani kwao. "Mtungi, usipite karibu na jiko, utatulipua!" wenzake walimwambia, naye alicheka nao, kwa sababu usipocheka ndio utataniwa zaidi. Lakini akifika nyumbani alitundika sare yake nje ya dirisha, hata theluji ikianguka.

Alipokua hakuyakimbia magari, aliyapenda mno. Alichokikimbia ni mtungi. Akajifunza kazi ya kompyuta za magari: kuchomeka waya chini ya usukani, kufungua kompyuta mpakato, na kuandika upya zile namba zinazoiambia injini inywe mafuta kiasi gani, turbo isukume hewa kwa nguvu gani, na plagi ipige cheche lini. Namba hizo zikiwa pamoja huitwa ramani. Ni ajabu ukifikiria: gari ni lile lile, chuma ni kile kile, unabadilisha namba tu na linakuwa gari jingine. Chumba chake cha kazi kilikuwa ukuta kwa ukuta na gereji ya baba yake. Mteja akiuliza, "Wewe si mtoto wa Rasim wa gesi?" alijibu, "Hapa ni mambo ya kompyuta, kaka."

Kisha akanunua gari la kijivu, dogo, lenye turbo na kiu isiyoisha. Kila alipoliongezea nguvu, petroli ilimshinda. Injini ilianza kugonga, ule mlio wa kokoto ndani ya kopo, akalazimika kurudisha namba nyuma.

"Petroli ina papara," Fundi Rasim alimwambia akiwa mlangoni, glasi ya chai mkononi. "Ukiibana na ukiipasha moto inalipuka kabla haijaitwa. Ndiko huko kugonga unakokusikia. Gesi ni tulivu, inasubiri zamu yake. Niache nikufungie gesi, halafu turbo yako isukume utakavyo."

"Baba, gari la namna hii na gesi?"

"Gari la namna hii hasa."

Walifanya kazi pamoja majira yote ya machipuko, kwa mara ya kwanza maishani mwao. Mzee alilaza mtungi wa duara mahali pa spea tairi, akapitisha mabomba, akatoboa matundu ya vinyunyizio karibu kabisa na injini, akipuliza vumbi la chuma kwa mdomo kama anayepoza uji. Kijana aliandika ramani, wakatoka kujaribu, wakarudi, akaandika tena. Siku ramani ilipokaa sawa walikuwa kwenye barabara ya Kütahya. İlker alikanyaga mafuta, gari likawabandika kwenye viti, na Fundi Rasim akashika kofia yake na kucheka kama mtoto aliyepanda pembea.

"Lakini hii ramani ni ya gesi tupu," alisema walipotulia. "Andika na ya petroli. Iko siku utahitaji."

"Nitaandika, baba."

"Na mpaka uandike, ukiwa kwenye petroli endesha kana kwamba buti limejaa mayai."

Hakuandika. Aliona haina haraka. Alichokuwa na haraka nacho ni swichi ya gesi, ile yenye taa ndogo za kijani ambayo kwa kawaida hukaa karibu na usukani. Aliomba ifichwe ndani ya droo ya mbele ya abiria, ili isiharibu sura ya gari. Fundi Rasim aliifunga humo. 

Sasa, Berna. Berna alikuwa mfamasia, msichana wa maneno machache na kicheko cha ghafla, na walikuwa wamependana mwaka mzima. Baba yake, Bwana Cevdet, meneja wa benki aliyestaafu, alimuuliza İlker kwa simu, "Mzee wako anajishughulisha na nini?" Mdomo wa İlker ukajibu wenyewe: "Yuko kwenye mambo ya nishati, bwana." Siku ya kwenda kuposa ikapangwa Jumapili mchana.

Jumapili hiyo Fundi Rasim alisugua mikono kwa limau na sabuni ya unga mpaka ikawa myekundu, akavaa suti yake ya harusi. Alipozunguka nyuma ya gari kuweka maua na sinia la chokoleti, alisimama. Kwenye kioo, pale palipokuwa na kibandiko cha gari la gesi, palikuwa na mraba safi. Akapitisha kidole hapo. Kisha akafunga buti taratibu na kwenda kukaa, mkewe Münevver akiuliza kama tai imekaa vizuri.

Kina Berna waliishi kwenye majengo mapya yenye maegesho chini ya ardhi. Magari ya gesi hayaruhusiwi humo, maana gesi ikivuja hulala chini na haitoki. Mlinzi akainama dirishani. "Karibuni. Halina gesi hili, kaka?"

"Gesi?" İlker akacheka. "Unaliona ni la gesi hili? Petroli, ndugu yangu."

Baba yake, pembeni yake, alikuwa akitazama mbele. Kizuizi kikainuka.

Juu walipokewa kwa marashi ya limau mikononi na slipa mpya. Mjomba wa Berna, aliyekuwa njiani kutoka Ankara, alikuwa hajafika, na bila yeye posa isingeanza. Bwana Cevdet akajaza kimya kwa maneno.

"Jana tumemfukuza mtu na gari lake la gesi. Eti amesahau! Hawa watu wa mitungi, Bwana Rasim, watatuua. Fundi wa kichochoroni anafunga bomu, mwenye gari anaokoa senti mbili. Wewe uko kwenye nishati, nadhani wanielewa vizuri."

Berna, aliyekuwa akipanga vikombe, aliinua macho. Alijua vizuri Rasim ni nani. Alimtazama İlker, akasubiri. İlker akazitazama slipa zake.

"Mimi nimestaafu," Fundi Rasim akasema. "Sijishughulishi tena."

Miaka thelathini ya kazi ikaondoka kwa maneno hayo, kwa sauti ya mtu anayekataa sukari kwenye chai. İlker alihisi masikio yake yanawaka. Alitaka kusema, na kila sekunde iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi.

"Basi tukingoja," Bwana Cevdet akasema, akijipiga mapajani kwa viganja, "bwana harusi atuonyeshe hilo gari lake. Berna anasema ni jini. Twende, Bwana Rasim, na wewe."

İlker alitangulia chini kwa ngazi, eti akapange viti. Alifungua droo akaigeuza swichi iwe petroli, ili usisikike ule mlio mdogo wa "tik" gari linapohamia kwenye gesi wala zisionekane taa. Akafunga droo. Bwana Cevdet akaketi mbele, mtu mnene, magoti yake yakaziba droo kabisa. Fundi Rasim akakaa nyuma.

Mjini walikwenda polepole. Kwenye barabara ya nje Bwana Cevdet akachoka. "Hili ndilo jini? Mama mkwe wako anakwenda hivi akienda kununua mkate. Kanyaga, kijana!"

"Barabara ina mashimo kidogo, bwana."

"Mashimo yako wapi? Au unaogopa mkwe? Kanyaga!"

Akakanyaga. Turbo ikavuta pumzi, gari likaruka, na mara kokoto zikaanza kulia ndani ya kopo. Bwana Cevdet hakusikia kitu, alikuwa akipiga makofi. İlker alisikia. Kwenye kioo aliuona uso wa baba yake, macho yamefumbwa, kila pigo la injini likimpitia kama yeye ndiye anayepigwa. Mguu ulipaswa kuinuka. "Tena! Bado kuna nguvu humo!" Bwana Cevdet akapaza sauti, na mguu ukabaki pale pale.

"Simamisha, mwanangu." Fundi Rasim alikuwa ameshika mdomo. "Simamisha, natapika."

Gari likasimama kando ya shamba la viazisukari. Mzee akashuka, akainama mtaroni, mikono magotini. Hakutapika. Bwana Cevdet akacheka mpaka akafuta machozi. "Pole, Bwana Rasim! Kumbe nishati yenyewe hatuiwezi! Wazee tubaki na mabasi yetu."

"Ni uzee," Fundi Rasim akasema, bado ameinama. "Mnisamehe. Turudi polepole."

Mtu huyu alikuwa amejaribu mamia ya magari kwenye barabara ile, akinusa, akisikiliza, na hakuwahi kutapika. Alikuwa ameiokoa injini na uongo wa mwanawe kwa pamoja, akajitoa yeye achekwe. Hapo ndipo İlker aliposhindwa kuvumilia.

"Baba haumwi," alisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Injini ilikuwa inagonga, ingepasuka. Gari ni la gesi, bwana. Ramani yake ni ya gesi, na mimi nimeliweka kwenye petroli ili usijue. Gesi amefunga yeye. Ni fundi wa gesi, hajastaafu, kesho ataamkia gerejini. Nilimdanganya mlinzi, nikakudanganya na wewe."

Bwana Cevdet alitazama droo aliyoonyeshwa, akaifungua, akaziona swichi na taa.  Aliyesema ni Fundi Rasim, amesimama wima sasa, uso mwekundu.

"Nani alikuomba unitetee? Ulitaka ninyamaze, nikanyamaza. Ulitaka nisiwe fundi, nikawa si fundi. Sasa umenifanya mwongo mbele ya mwenye nyumba ninayekwenda kumwomba binti!"

İlker alikuwa amedhani akisema kweli atapumua. Hakupumua.

Walirudi kwa gesi. Gari liliachwa nje ya geti, na mlinzi akageuza uso alipopita İlker. Mjomba alikuwa amefika. Kahawa ikaletwa. Fundi Rasim hakungoja iishe.

"Bwana Cevdet," alisema, "nilikudanganya nyumbani mwako, nakuomba radhi. Mimi ni Rasim, fundi wa gesi. Kwa amri ya Mwenyezi Mungu na kauli ya Mtume, namwomba binti yenu Berna kwa ajili ya mwanangu İlker."

Bwana Cevdet akazungusha kikombe kwenye kisahani. "Fundi Rasim, kama ingekuwa ni kukukubali wewe tu, ningesema ndiyo sasa hivi. Huyu kijana, niache nimfikirie. Na binti naye afikirie."

 Wakati wa kuondoka Berna alimvalisha Fundi Rasim koti, akamnyooshea kola. Kwa İlker alisema, "Mimi ningemtaja baba yako kwa watu wote, İlker. Ungeniuliza tu."

Asubuhi mtaa mzima wa magereji ulikuwa unangoja habari. Fikret, mpaka rangi wa jirani, alipaza sauti toka ng'ambo: "Haya bwana harusi! Wamekupa binti au wamekufukuza?"

Fundi Rasim, chini ya gari la mtu, akawahi kujibu. "Wameomba muda, Fikret. Mambo haya hayana haraka."

"Hapana," İlker akasema, naye akavuka barabara ili asikike. "Baba wamemkubali. Mimi ndiye bado."

Fikret akacheka, akapiga mlango wa gari kwa kofi, akawaita wengine waje wasikie mzaha huo. Wakacheka wote. İlker alirudi chumbani mwake, akafungua kompyuta mpakato, na kuanza ramani ya petroli kutoka namba ya kwanza, mlango ukiwa wazi upande wa gereji ya baba yake. Hadi mchana baba yake alikuwa bado hajaingia.