Chumvi ya Nyumba Safi

Tone la dawa ya kupimia lilianguka kwenye chumvi ya Phulmati, ikageuka zambarau. Jaukala akaguna. Mwanamke mvivu namna hii, masizi ya sufuria yake yana umri, na bado chumvi yake ina madini joto!

"Andika, dada," Phulmati akacheka. "Leo mvivu kafaulu."

Jaukala, mhudumu wa afya wa kujitolea katika kijiji hicho cha milimani Nepali, akaandika. Kisha akaenda nyumbani kwake mwenyewe. Akadondosha tone. Chumvi ikabaki nyeupe. La pili, nyeupe pepe.

Mkamwana wake Rupsari alikuwa na mimba ya miezi mitatu, na mjukuu wa kwanza, Sunmaya, ametimiza miaka minne hasikii wala hasemi. Kwenye mafunzo waliambiwa wazi: mama akikosa madini joto, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi.

Alishuka dukani mbio.

"Dhanbir, umeniuzia chumvi gani, mwizi wewe?"

"Taratibu, mama! Gunia ni hilihili, hata Phulmati kachotewa humu. Si unayo dawa? Pima!"

Akapima. Zambarau iliyokolea.

Alirudi anahema. Rupsari alikuwa amechuchumaa uani, anasuuza mabonge ya chumvi kwenye beseni, maji ya tatu hayo.

"Unafanya nini?"

"Naiosha, mama. Si ulinifundisha mwenyewe nilipoolewa? Ulisema chumvi yenye taka ni ya akina Phulmati."

Jaukala akapima bonge ambalo halijaoshwa: zambarau. Lililooshwa: jeupe. Madini joto yote ya chumvi yalikuwa yamemwagwa uani, miaka yote hiyo, kwa amri yake. Na miaka minne amekuwa akimsimanga binti wa watu kwamba uziwi umetoka kwenye ukoo wao. Majuto ni mjukuu, na wake alikuwa pale mlangoni, akigonga sahani kwa kijiko bila kusikia kelele zake mwenyewe.

"Si ukoo wenu, Rupsari," alisema. "Ni mimi. Kuosha kunaondoa madini joto."

Kila asubuhi Rupsari huinama kugusa miguu ya mama mkwe wake kwa heshima. Sasa Jaukala ndiye aliyeinama, kinyume cha desturi zote, akanyoosha mkono. Rupsari akarudisha miguu nyuma.

"Usiniguse, mama. Niambie tu, huyu wa tumboni atasikia?"

Jaukala akaokota bonge ambalo halijaoshwa, akalitia kwenye sufuria.