Bangili ya Mama Yake Bushta

Kwa kazi ya kusugua watu, mji mzima wa Mulay Yakub hakuna wa kumfikia Bushta, na anayebisha alete mgongo wake. Miaka ishirini na mitatu yumo hamamuni, kwenye bafu la mvuke la watu wote, glavu ya kusugulia mkononi, sabuni nyeusi kwenye kopo. Akilala mtu mbele yake juu ya lile jiwe la moto, huinuka amepungua kilo mbili na nusu ya dhambi zake. Hakimu alale, dereva wa lori alale, wakiwa uchi wote ni nyama tu.

Nyumba yake iko juu kabisa ya ngazi, na vyumba viwili vya ghorofani huwapangisha watu wa Fes wanaokuja Jumamosi kujichovya kwenye maji ya moto, kula vizuri, kulala, na kurudi Jumapili jioni wakinuka mayai viza na wameridhika. Mtu mpole huyu. Anacheka na kila mgeni. Lakini moyoni alikuwa amefuga chuki kama mtu anavyofuga kondoo wa Idi, anailisha kila siku, anaipapasa, anangoja siku yake.

Chuki yenyewe ilikuwa na jina. Ilikuwa inaitwa Mfaddal.

Zamani, Bushta akiwa kijana wa kushona viatu mjini Fes, alimposa dada yake huyo Mfaddal. Mama yake, mjane, aliuza mizeituni yake yote kumi na mmoja akanunua bangili ya dhahabu ya kupeleka kwa mchumba. Siku ya posa, mbele ya watu arobaini, sinia za chai zikipita, Mfaddal akaichukua ile bangili, akaigeuza, akaigonga kwenye jino, akasema, "Hii fedha imepakwa rangi. Mmekuja kutuoa au kutucheka?" Kumbe alikwisha kumpatia dada yake bwana mwenye duka la vitambaa, anatafuta tu mlango wa kutokea. Mama akataka bangili yake. Mfaddal akamwambia itabaki pale iwe ushahidi. Wale arobaini wakatoka na maneno yao, na kufika Ijumaa fedha ilikwisha geuka shaba midomoni mwao, mtaa mzima unamwita kijana yule Bushta Shaba. Mama akafa kabla ya kumaliza mwaka wa pili. Bushta akahamia Mulay Yakub, mahali ambapo hakuna aliyelijua jina hilo.

Na hili hakuwahi kumwambia mtu: usiku mwingine alikuwa anajiuliza. Je, kama sonara alimwibia mama? Je, kama ilikuwa kweli fedha?

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, mlango ukagongwa. Kufungua, ni Mfaddal. Tumbo limeongezeka, nywele zimepungua, lakini ni yeye. Nyuma yake mkewe Zuhur, na nyuma ya Zuhur kikongwe anayepanda kwa fimbo, Hajja Ghita, nyanya wa kijana anayetaka kumwoa binti yao, pamoja na mwanawe Abdelwahid, baba wa kijana huyo. Mfaddal alikuwa amewaleta wakwe wapumzike, wajuane, wakamilishe mambo ya harusi.

"Mwenye nyumba, unaitwa nani?" aliuliza Mfaddal.

"Bushta."

Macho ya Mfaddal yalikwenda chini yakarudi. "Mabushta ni wengi," alisema, akapita na begi lake.

Bushta akapika chai ya nanaa, akaipandisha barazani juu. Zuhur akanyoosha mkono kupokea glasi, na Bushta nusura aimwage birika. Kwenye kifundo cha mkono ule kulikuwa na bangili yenye maua saba, ua la nne halina jani moja, pale sonara alipoteleza na patasi. Mama alikuwa amelicheka jani hilo njia nzima kurudi nyumbani.

"Unaitazama?" alisema Zuhur, mwanamke asiye na baya. "Ya mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Dhahabu tupu. Binti yetu ataivaa siku ya kuingia kwao Hajja."

"Maneno mengi, Zuhur," alisema Mfaddal.

Bushta akashuka jikoni, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajikuta anatabasamu peke yake kama mwehu. Hajja asingeweza kushuka zile ngazi mia na kitu hadi hamamuni. Wazee wa namna hiyo sisi watu wa Mulay Yakub huwapandishia maji kutoka chemchemi wakachovya miguu hapo hapo nyumbani. Akaichukua ile ndoo, akashuka, akaijaza maji ya moto yanayonuka kiberiti, akapanda bila kupumzika hata mara moja.

"Hajja, tia miguu," alisema. "Ila vua hizo pete kwanza. Fedha haikai kwenye maji haya. Robo saa tu inakuwa nyeusi kama sufuria ya kambi."

"Najua, mwanangu, nilikuja huku kabla hujazaliwa." Kikongwe akavua pete zote isipokuwa moja nyembamba. "Hii iache, haitoki tena, tumezeeka pamoja." Akaingiza miguu, akaingiza na mikono, akafumba macho. "Zuhur, njoo mwanangu, mikono yako inauma kila siku. Ingiza na wewe."

Zuhur akasogea.

"Vua bangili," alisema Mfaddal, upesi kidogo.

"Kwa nini avue?" Bushta aliuliza kwa sauti ya mtumishi mwema. "Amesema ni dhahabu tupu. Dhahabu haiogopi maji yetu. Au si dhahabu, Sidi Mfaddal?"

Hapo ndipo mtego ulipofunga. Akisema si dhahabu, amewaahidi wakwe takataka. Akisema ni dhahabu, basi aliyempaka Bushta matope mbele ya watu arobaini alikuwa mwongo. Mfaddal akainama, akaanza kulifungua begi lake.

"Bwana amekuuliza," alisema Hajja, na sasa macho yake yalikuwa wazi.

"Ni dhahabu," alisema Mfaddal.

"Basi tia mkono, mwanangu."

Zuhur akatia mkono. Bushta akasimama pale na taulo begani, haondoki, kwa sababu mtego ule ulikuwa na meno ya kwake pia. Ikitoka nyeusi, mama yake alizikwa na aibu ya kweli. Robo saa hiyo alihesabu maua ya bangili chini ya maji mara mia.

Hajja akatoa mkono. Pete yake ilikuwa nyeusi tii. Zuhur akatoa wake. Bangili ilikuwa inawaka kama jana imetoka kwa sonara.

Bushta akakaa chini sakafuni. Akaomba radhi kwa mama yake, kimoyomoyo, kwa usiku wote ule wa kujiuliza. Halafu akainua uso. "Hajja, muulize kuhusu ua lisilo na jani. Kisha muulize mizeituni kumi na mmoja ilikwenda wapi." Akaeleza yote, taratibu, bila kuruka hata sinia moja ya chai.

"Uliniambia ni ya mama yako," Zuhur alimwambia mumewe.

Mfaddal alikuwa anatazama milima.

Hajja akaivua bangili mwenyewe kwenye mkono wa Zuhur, akampa Bushta. "Binti yenu tutamwoa, hana kosa. Wewe, Mfaddal, kesho utakwenda hamamuni na mwanangu Abdelwahid kama tulivyopanga. Hatutoroki mapumziko kwa sababu ya aibu yako."

Jumapili asubuhi hamamu ilikuwa imejaa. Mfaddal alilala kifudifudi juu ya jiwe, Abdelwahid kando yake, na juu yake Bushta na glavu yake ngumu kuliko zote, na bangili ya kike imembana mkononi, inang'aa kwenye mvuke.

"Bushta, umeolewa?" alitania mzee mmoja wa Fes, na wote wakacheka. "Bangili ya nani hiyo?"

"Muulize mgeni wangu," alisema Bushta, na akavuta glavu kutoka shingoni hadi kiunoni.

"Ya mama yake," alisema Mfaddal, mdomo umegandamana na jiwe.

"Mvuke unameza maneno, Sidi."

"Ya mama yake. Ni dhahabu. Ilikuwa dhahabu siku ile pia, na nilijua."

Mzee yule aliacha kucheka. Alikuwa mmoja wa wale arobaini waliokunywa chai siku ile.

"Geuka," alisema Bushta, "upande wa dirishani hawakusikia."