Gari la Mkatoliki na Sala ya Baba

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri kule Machame, na alikuwa na maadui wawili tu duniani: shetani na Wakatoliki. Kati yao, shetani ndiye aliyekuwa na nafuu. Basi habari zilipofika nyumbani kwamba kijana anayetaka kunioa ni Mkatoliki wa Uru, tena dereva wa lori, mama aliweka sufuria chini akasema, "Mwanangu, si ungetafuta mwizi tu?"

Sikutaka mwizi. Nilimtaka huyu. Nilimwona sokoni Moshi akipakia ndizi huku akicheka peke yake, na tangu siku hiyo sikupata usingizi wa maana. Baba alikubali kuonana naye mara moja tu, ili, kwa maneno yake mwenyewe, amkatae kwa adabu.

Kijana alikuja Jumamosi mchana na lori la tajiri wake, mabaki ya vita vile vya Wazungu, lililopanda mlima wote na shehena ya mabati. Akaliegesha kando ya kihamba chetu, shamba la migomba na kahawa, akazima swichi, akachomoa ufunguo, akashuka na kuvua kofia.

"Shikamoo, baba."

Nyuma yake lori likaendelea kunguruma. Lilitikisika, likapiga chafya, boneti ikagongagonga, na rozari iliyoning'inia kwenye kioo ikacheza ngoma.

Baba hakuitikia salamu. "Umezima?"

"Nimezima, baba." Akainua ufunguo juu kama ushahidi.

"Mbona bado linanguruma?"

Majirani walianza kuchomoza kutoka migombani. Mama mmoja akasema waziwazi kwamba lina pepo. Baba akaitazama rozari, akalitazama lori, na nikaona uso wake uking'aa kwa furaha isiyo ya Kikristo hata kidogo. Maadui zake wote wawili walikuwa wamekuja kwa gari moja.

Akasogea mbele ya lori, akainua mkono, akaanza kusali. Sala za baba zilijulikana Machame nzima. Ungeweza kumenya ndizi za mtori na zikaiva kabla hajawafikia wagonjwa. Siku hiyo alikuwa bado anamshukuru Mungu kwa kutupa sisi imani ya kweli, na wengine ile nyingine, wakati lori lilipokohoa mara mbili na kunyamaza. Baba hakupoteza nafasi.

"Amina!"

Majirani wakaitikia kwa kishindo. Hata mama, ambaye hakuwa mtu wa kushtuka, alisimama na mwiko mkononi.

Kijana akafungua mdomo. Nilijua anachotaka kusema, maana lori lile lilikuwa na tabia hiyo kila likipanda mlima, naye alishanieleza sababu kwa fahari yote ya mtu anayeipenda kazi yake. Ndani ya injini kuukuu mnaganda masizi. Injini ikichemka sana, masizi hayo huwa mekundu kama makaa ya jikoni. Ukizima swichi umekata cheche tu. Petroli bado inavutwa ndani, inakutana na yale makaa na kuwaka yenyewe bila kuomba ruhusa. Makaa yakipoa, injini inakufa. Ukitaka life mara moja, utie gia, ukanyage breki na uachie klachi, ulinyonge. Lakini breki zile hakuziamini, na mbele yake ilikuwepo mibuni ya baba.

Nilimkazia macho. Neno moja tu kuhusu masizi, na mimi ningebaki kwetu nikizeeka na mbuzi. Akanitazama, akafunga mdomo.

"Asante, baba," akasema. "Limenisumbua sana."

"Marahaba," akaitikia baba, akijibu hatimaye salamu iliyokuwa imemsubiri muda wote huo. Kisha akawageukia majirani. "Ikiwa gari lake limesikia, na yeye mwenyewe atasikia siku moja. Mleteeni mbege anywe."

Tulioana, na hakusikia hata siku moja; alibaki Mkatoliki wake. Lakini kila tukienda kuwasalimu wazee, alikipanda kile kilima cha mwisho kwa gia nzito na mguu wote kwenye petroli, kwa makusudi, ili lori lifike likiwa moto na baba apate la kuombea. Nilimpenda kwa kilima kile kuliko kwa kanga zote alizoninunulia.

Kisha tajiri akanunua lori jipya, ambalo ukizima linazimika. Mara ya kwanza tulipofika nalo, baba alitoka mbio, mkono umeshainuka, akakuta kimya. Aliushusha taratibu. Chakula hakukigusa, nami nilirudi mjini nikilia.

Safari iliyofuata mume wangu hakuzima. Alikaa kwenye usukani, uso wa mtakatifu, vidole vimeshika ufunguo, akisubiri. Baba akasali. Ilipotoka amina, akazima. Tulifanya hivyo kwa miaka, sala zikizidi kurefuka na petroli ya watu ikiteketea.

Siku moja baba, macho yameshaingia ukungu, alinivuta hadi nyuma ya jiko.

"Mwambie mumeo," akaninong'oneza, "siku hizi anachelewa. Amina ikitoka, azime hapo hapo. Majirani watatushtukia."