Treni ya Baba Zuhura

Harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha ingeweza kuamsha maiti wa Karatu nzima, lakini kambini kwetu, kwenye shamba la kahawa, ilishindwa na king'ora cha baba. Kila jioni, tukishamaliza ugali wetu wawili tu, maana mama alikuwa amefariki, baba aliweka viganja mdomoni akalia kama treni ya kwao Singida, na naapa tembo wa Ngorongoro walisogea kuipisha. Aliondoka kwao mtoto, akimfuata mjomba wake kutafuta kibarua, asirudi tena. Kitu pekee alichobaki nacho cha nyumbani kilikuwa kumbukumbu ya stesheni ya kijijini kwao na treni yake. Kambini hawakuamini kama treni hiyo ipo. Jirani yetu kutoka Mbulu, Mama Paskali, ndiye aliyezidi: "Baba Zuhura, leo treni yako imepata pancha?" Watu wanacheka mpaka wanakaa chini.

Mwishoni mwa miaka ya sabini, uchumaji ulipokwisha, baba akachoka. "Nakwenda na Zuhura," akawatangazia. "Ataiona kwa macho yake, atakuja kuwaeleza." Tukapanda malori, kisha basi lililokohoa kuliko abiria wake wote.

Kijijini kwao, mahali pale bado paliitwa Stesheni, ila reli ilikwisha ng'olewa zamani. Lilibaki tuta lililoota nyasi na ukingo wa mawe wa kupandia, mbuzi wamesimama juu yake kama wenye tiketi. Baba alimwuliza mchunga mbuzi habari za ukoo wao. Yule hakuwahi kuusikia. Basi baba akapanda ukingoni, akanyoosha kola, akatazama upande ilikokuwa ikitokea treni. Nilingoja apige king'ora. Hakupiga. "Haya mama, twende," akasema, wala hakunifundisha la kusema.

Kambini Mama Paskali alitusubiri na kadamnasi yake. "Enhe, shahidi! Umeiona?"

Baba alitazama viatu vyake.

"Nimeiona," nikasema. "Ni ndefu, Mama Paskali! Mpaka tunaondoka, mkia ulikuwa haujapita."

Hakucheka mtu. Tangu siku hiyo hakuna aliyemtania baba, na baba naye hakupiga king'ora tena. Jioni zetu zikawa kimya, nasikia hata kijiko kikigusa sahani.

Siku hizi Karatu imejaa magari ya watalii, na mimi kila nikisimulia treni ile naiongezea mabehewa. Sasa ingetoka hapa ikafika Loliondo. Lakini giza likiingia, nikiwa peke yangu, naweka viganja mdomoni nalia kama baba. Kisha nasikiliza ukuta wa upande wa jirani, labda kuna atakayeuliza kama imepata pancha.